Naomba ushauri: RAV4 ya D-4 kuwekewa injini ya Noah

Wadau, habari zenu. Nina RAV4 ya 2001, injini 1AZ-FSE, ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Imenoki, fundi kashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), tukakuta chengachenga za beringi zimelala kwenye oili. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, injini iliyotoka kwenye RAV4 sijaipata, ila ipo ya Toyota Noah (modeli AZR60), nayo ni 1AZ-FSE. Fundi anasema inaingia, tunahamisha mauntingi (vishikizi vya injini) na wayaringi basi. Mafundi wetu kila kitu kinaingia mpaka ulipe! Wasiwasi wangu ni sensa na throto (vali ya hewa): zitakubaliana na kontrol boksi yangu (kompyuta ya injini), au ninunue na ya Noah?

Mwingine ananiambia niachane na D-4, niweke 1AZ-FE inayopuliza petroli kwenye manifoldi (njia ya hewa kabla ya silinda), maana haina ile pampu ya presha kubwa. Naona hapo kontrol boksi na wayaringi lazima vibadilike. Aliyewahi kufanya hivyo, gia boksi ya zamani ilikubali? Yangu ni 4WD.

Halafu kubadilisha namba ya injini kwenye kadi, TRA wanataka nyaraka gani? Risiti ya dukani inatosha?