Picha za Aktiki zenye watu wasio na majina: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Ottawa, Kanada, najitolea kwenye makumbusho ndogo. Tumepokea slaidi za rangi za marehemu afisa wa serikali aliyezunguka Aktiki ya mashariki miaka ya 1950: barafu ya Frobisher Bay (siku hizi mji wa Iqaluit), mbwa wa sleji, kina mama wa Kiinuit (wenyeji wa asili wa Aktiki) wamebeba watoto mgongoni ndani ya amauti, yaani koti lenye mfuko wa kubebea mtoto.

Kinachoniumiza ni maelezo yake. Meli zina majina, watu wana namba tu, zile zinazoanza na E, ambazo serikali iliwapa Wainuit kwenye visahani vya kuvaa shingoni tangu miaka ya 1940. Kuna bibi anacheka kwa furaha kabisa, naye ni namba!

Nimelinganisha na picha za Project Naming, mradi ulioanza 2002 wa kuwatambua watu kama hawa, sijaziona sura za watu wa slaidi zetu. Familia ya afisa imeridhia maonyesho.

Je, ni sawa kuzionyesha kabla wazee wa Nunavut (eneo la kaskazini mwa Kanada wanakoishi Wainuit wengi, ndiko uliko Iqaluit) hawajaziona? Na mliowahi kurudisha picha za zamani kwa wenyewe, mlianzia wapi: ofisi ya mji, shule au redio ya pale?