Hadhira inacheza na simu dakika mbili, kisha inachoka

KinandaPori: Wakuu, naandaa onyesho la muziki wa elektroniki wa papo kwa papo. Watu 60 katikati ya ukumbi, spika nne kwenye pembe. Kila mtu anafungua ukurasa kwenye simu na kuburuta kidole. Kompyuta inachukua wastani wa wote na kuendesha filta ya sintesaiza (sehemu ya ala ya elektroniki inayofanya sauti iwe kali au nzito). Kwenye majaribio waliziweka simu mfukoni mapema mno. Nakosea wapi?

WayaMrefu: Kwenye huo wastani. Vidole 60 vikienda kila upande, jibu linabaki palepale katikati, na mtu mmoja anasogeza thamani kwa 1/60 tu. Nani atasikia hilo? Chagua simu sita kwa bahati nasibu, kila moja ishike sauti yake kwa sekunde 40, na skrini ya mwenye zamu ibadilike rangi. Lainisha thamani, yaani isogee polepole badala ya kuruka, kwa milisekunde 100 hivi ili sauti isikwaruze. Ukifika nusu sekunde, mtu anadhani simu yake haifanyi kazi. Besi na ukubwa wa sauti visitoke mkononi mwako.

Mvumo_88: Au sauti itoke kwenye simu zenyewe, hapo ndipo watu huzama kweli. Ila sahau mdundo: kila simu huchelewa kwa kiasi chake, kwa hiyo ngoma moja inasikika kama kokoto zinazomwagwa. Tumia vitu vya juu vinavyotawanyika, mfano matone au kengele fupi. Besi haitoki kwenye spika ndogo namna ile. Weka kitufe kikubwa cha kuanzia, maana kivinjari hakitoi sauti kabla skrini haijaguswa. Ukitaka kihisi cha mwendo, ukurasa lazima uwe wa https (muunganisho uliofichwa kwa usalama), na iPhone itaomba ruhusa kwanza.

KinandaPori: Kuunganisha simu na kompyuta, ruta ya Wi-Fi bila intaneti inatosha?

Mvumo_88: Simu nyingi zikiona haina intaneti hurukia data zake. Waambie wazime data. Na ruta ya nyumbani kwa simu 60 ni kujitafutia balaa.

WayaMrefu: Nimesahau spika. Sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Aliye karibu na pembe moja kwa mita 8 zaidi anaisikia hiyo milisekunde 23 kabla ya nyingine, na sikio linaamini kila kitu kinatoka hapo. Ukipeleka sauti ileile kote, kwake spika tatu ni mapambo. Kila pembe ipewe sauti yake.