Vyombo vya bluu vya wafalme wa China: mnada uruhusiwe bila kujulikana vilitokaje ikulu?

Mleta mada:
Wakuu, Mei 2022 kule Newbury Uingereza liliuzwa jagi la maua la kauri la bluu kwa karibu pauni milioni 1.5, na mwenye nalo alikuwa kaliweka jikoni tu, baba yake alilinunua miaka ya 80 kwa pauni mia kadhaa. Chini lina muhuri wa Qianlong, mfalme wa China aliyetawala 1735 hadi 1796, urefu kama sentimita 60, bluu imekoza kabisa halafu juu yake korongo na popo wamechorwa kwa dhahabu na fedha. Kazi ile si mchezo, bluu ya kobalti inachomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,200 na hiyo dhahabu na fedha inapakwa baadae chombo kirudi tena kwenye tanuri la moto mdogo, wakati wowote kinaweza kupasuka. Bluu hiyo ndo ya ibada pia, Hekalu la Mbingu pale Beijing vyombo vya sadaka vilikuwa bluu, madhabahu ya ardhi njano, ya jua nyekundu.

Sasa kitu cha ikulu kinafikaje jikoni kwa mtu Ulaya? Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora Yuanmingyuan, ikulu ya nje kidogo ya Beijing, kisha Waingereza wakaitia moto. Sisemi jagi hili limetoka pale. Nasema nyundo isigongwe mpaka muuzaji aonyeshe kilitokaje China.

Mchangiaji:
Mkuu unabebesha wazungu kila kitu. Puyi, mfalme wa mwisho, miaka ya 1920 alikuwa anatorosha mali za ikulu mwenyewe na nyingine zikawekwa rehani benki, hapo mwizi nani? Halafu vingebaki kule si vingepondwa 1966 na wale vijana wa Mao, kiongozi wa China, kwenye Mapinduzi ya Utamaduni?

Mleta mada:
Ya 1966 haisimami ndugu yangu, vingi vilivunjwa kweli ila waziri mkuu Zhou Enlai aliamuru ikulu kuu ya Beijing ifungwe na wanajeshi wakailinda, vya mule vikapona. Ya Puyi nakubali ina uzito, ndo maana sijasema vyote virudi bure. Aliyenunua kwa Puyi au benki atakuwa na karatasi, alete, auze kwa amani. Asiye nayo asipewe mamilioni kwa kitu ambacho huenda babu wa mtu alikibeba kwenye begi la jeshi. Na kurudisha kunawezekana, 2013 familia ya Pinault ya Ufaransa iliwarudishia China vichwa viwili vya shaba vya Yuanmingyuan, panya na sungura, na China ilikuwa imevipigia kelele tangu vinadiwe Paris 2009.

Mchangiaji:
Sawa, ila karatasi za miaka 160 zinapotea hata kwa mtu mwaminifu. Huyo naye anyimwe?

Mleta mada:
Asinyimwe chombo, akae nacho. Anyimwe mnada.