Tupeane uzoefu: raga ya watu 13, mvua ya kutwa na mechi zilizoisha kwa pointi chache

Wakuu habari zenu. Hii ni kwa mnaofuatilia rugby league, ile ya watu 13, sio ile ya 15 tuliyozoea kuwaona Wakenya. Tukumbushane zile siku za mvua.

Naanza mimi. Niko Leeds, na kuna Jumamosi moja ya Machi mzee jirani yangu alinibeba twende kuangalia timu za ridhaa, mechi tatu mfululizo uwanja ule ule na mvua haikukatika tangu asubuhi. Vijana 4-0, timu ya akiba 6-2, wakubwa wanaingia uwanja umeshakuwa jaruba, jezi zote rangi moja ya tope wanatambuana kwa sauti tu. Ikawa 6-6 hadi mwishoni, ikatoka penati. Yule kijana anafuta mpira kwa taulo na taulo lenyewe linachuruzika maji, anafuta tu, akapiga ukagonga mlingoti ukaingia. 8-6. Watu tuliolowa chapachapa tukakumbatiana hatujuani.

Kwenye gari mzee akanisimulia Wembley 1968, alienda na baba yake akiwa mtoto. Fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la Uingereza, uwanja umejaa maji, Leeds 11 Wakefield Trinity 7, dakika ya mwisho Wakefield wanafunga trai (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), enzi hizo pointi 3, kwa hiyo 11-10. Don Fox wa Wakefield kabakiza konvasheni, teke la nyongeza baada ya trai, la pointi 2, mbele kabisa ya milingoti. Akakosa! Na ndiye aliyekuwa ameshachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mzee ni Wakefield damu, alipofika hapo akanyamaza mpaka taa za barabarani zilipobadilika.

Mdau wa Sydney: Mkuu umenigusa. Mimi nilipofika huku niliona kombe la NRL, ligi kuu ya huku Australia, lina sanamu ya watu wawili wamekumbatiana, mmoja mrefu mmoja mfupi, nikauliza ndio nani hawa. Kumbe ni picha ya fainali ya 1963, Norm Provan wa St George na Arthur Summons wa Western Suburbs, wametapakaa tope mwili mzima baada ya mechi kuisha 8-3. Kila mwaka bingwa anabeba tope la siku ile, naipenda sana hiyo. Na kama mnataka pointi chache kabisa, State of Origin (majimbo mawili ya Australia yanapambana kila mwaka) 1995 mechi ya kwanza Queensland 2 New South Wales 0, penati moja basi, dakika 80 hakuna trai.

Mdau wa Hull: Mimi nilicheza winga nikiwa chuo. Mvua ikinyesha winga unakufa baridi, kocha hataki pasi za pembeni, ni kusukuma katikati mara tano halafu teke refu, mnaomba mpinzani audondoshe. Siku hiyo tuko nyuma 5-4, ile pointi moja waliipata kwa dropu goli (mpira unadundishwa chini ndio unapigwa katikati ya milingoti), zimebaki dakika mbili mpira ukanifikia, mbele yangu hakuna mtu, mstari naugusa kwa macho. Ukaniponyoka mkononi kama sabuni. Tulipofika chumbani vidole vimekufa ganzi siwezi hata kufungua viatu, nahodha akaja akapiga magoti, akanifungulia kamba zote mbili, hakusema neno.