Mrejesho: nishati ya chaji mbele ya bati lililounganishwa na ardhi

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa hili: chaji ya nanokulombu 1 iko sm 5 mbele ya bati pana la shaba lililounganishwa na ardhi. Mbona chaji taswira (chaji ya kufikirika, −q, tunayoiweka sm 5 nyuma ya bati badala ya bati lenyewe) inatoa kani sahihi, ila nishati inazidi mara mbili?

Jibu lenu limesimama. Kani ni kq²/(2d)², mikronyutoni 0.9 hivi (q ni chaji, d ni umbali wake na bati, k ni namba thabiti ya Coulomb). Kosa ni kuandika nishati −kq²/2d, yaani nanojuli −90. Ukisogeza chaji, taswira nayo inasogea, na mwendo wake haugharimu kazi yoyote: chaji za kwenye bati hutembea penye volti sifuri. Basi umbali x uingie kwanza ndani ya integrali (jumla ya kazi ya kila hatua ndogo) ya kani kq²/4x², kutoka d hadi mbali kabisa. Inabaki −kq²/4d, nanojuli −45.

Ile hoja kwamba nyuma ya bati hakuna uga, hivyo nishati inahesabika katika nusu tu ya nafasi, ni tamu, na huku Kampala wengi tunaikariri. Kwa tufe la metali lililounganishwa na ardhi inakwama, kwani upande wa chaji na upande wa taswira haulingani. Nusu bado ipo, ila itafuteni kwa integrali ileile.