Nani anatoa diski wakati wengine bado tunaitumia? Mashine moja, terminali kibao, vurugu tupu

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, mnivumilie au mpite.

Mashine ni moja, ya Linux, watu kadhaa tunaingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao. Kila mtu ana madirisha yake, na wengine wana tmux, sesheni za terminali zinazokaa wazi hata wakiwa wamelala. Diski ya data inakaa /mnt/data. Sasa kuna watu humu duniani wanaoamini kwamba ukimaunti diski (yaani ukiiunganisha na folda ili itumike) kwenye dirisha lako, basi hiyo maunti ni mali ya dirisha lako. Siyo! Variable uliyo-export inakufa na sheli yako, ile programu inayopokea amri zako. Maunti haifi. Ni ya mashine nzima, na ukiitoa umewatolea wote.

Mwenzetu mmoja, kwa usafi wake, ameandika umount /mnt/data (amri ya kutoa diski) ndani ya .bash_logout. Yaani akimaliza kazi zake na kufunga SSH, diski inaondoka. Aliwezaje bila kuwa root, msimamizi mkuu? Kwa sababu kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski na masharti yake, mtu aliandika "users" badala ya "user". Herufi moja! Ukiweka "user", aliyemaunti ndiye anayeruhusiwa kutoa. Ukiweka "users", yeyote anatoa ya yeyote. Nani aliona hii ni njia nzuri ya kutofautisha mambo mawili yaliyo mbali hivyo?

Mtasema, si umount ingekataa kama kuna mtu anaitumia? Ingekataa kama kuna faili wazi au sheli iliyosimama ndani ya folda. Skripti yangu ya cron, inayojiendesha kwa ratiba, inasindika kila kitu /tmp kwanza, kisha inatupa matokeo /mnt/data. Katikati hapo haijashika faili lolote la diski ile, kwa hiyo umount ikapita kimya. Skripti ilipofika kuandika, ikakuta folda ya /mnt/data ipo vilevile, tupu, juu ya diski ya mfumo. Inaendeshwa na root, nani wa kuikataza? Ikaandika na kuandika mpaka diski ya mfumo ikajaa.

Halafu akaja mwingine, akaona data haipo, akamaunti tena. Sasa mafaili yangu yako chini ya maunti, hayaonekani. df, inayopima nafasi ya diski, inasema imejaa; du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili, inapita kila kona inasema hakuna kitu. Mtu unaweza kudhani umerogwa. Dawa, kwa atakayekwama hapa: mount --bind / /mnt/chini, kisha angalia ndani ya /mnt/chini/mnt/data. Utayakuta yote yamejipanga.

Na bado. Dirisha ambalo lilikuwa limeshasimama /mnt/data kabla ya kumaunti upya linaendelea kuona ile folda ya chini. La pembeni linaona diski. Njia ile ile, pwd ile ile, ls mbili tofauti! Mpaka ufanye cd upya.

Upande wa pili, siku ukitaka kuitoa kwa haki kabisa, unaambiwa "target is busy". Busy na nani? Hakuna jibu. Keneli, kiini cha mfumo, inarudisha namba 16, EBUSY, imemaliza. Kamtafute mwenyewe kwa fuser -vm, na kama huna sudo (ruhusa ya kutumia nguvu za root) utaonyeshwa michakato yako tu, wakati mkorofi ni tmux ya mtu mwingine iliyosahauliwa ndani ya folda.

Ndipo wanapotokea wale wataalamu wa jibu moja: "tumia umount -l". Jamani, hiyo haitoi diski. Inaificha jina tu, huku aliyeishika akiendelea kuandika. Wewe unaona mount haipo, unachomoa waya, data inaharibika. Mnawashauri watu hivi kila uzi kama vile mnagawa maji.

Sijagusa hata sshfs, ya kumaunti folda ya mashine nyingine kupitia SSH, ambayo ukiimaunti wewe, hata root kwenye dirisha la pili anaambiwa hana ruhusa, hadi uweke allow_other na uifungulie kwenye /etc/fuse.conf. Na anayetaka maunti iwe ya sesheni yake peke yake, jambo hilo lipo tangu keneli 2.4.19 ya mwaka 2002, na siku hizi unalipata kwa unshare -m. Lakini nalo lina sumu yake. Sesheni hiyo inabaki na nakala ya maunti zote zilizokuwepo, kwa hiyo nje umeshatoa diski, ndani bado imeshikwa, na findmnt yako, inayoorodhesha maunti, haionyeshi kitu. Inabidi ufanye grep kwenye /proc/*/mountinfo kama mpelelezi.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeitoa diski, nikapiga chattr +i kwenye ile folda tupu, ili isipomauntiwa hata root asiandike humo. Skripti zangu zote zinaanza na mountpoint -q, inayokagua kama diski imemauntiwa, ingawa hilo halisaidii kama diski itaondolewa sekunde moja baadaye. "users" imefutwa. Mwenye .bash_logout amekasirika, na akasirike.

Ninachotaka ni kila mtu aache kabisa kumaunti na kutoa kwa mkono, kazi hiyo ifanywe na x-systemd.automount: ukigusa folda inapanda, ikikaa bila mtumiaji inashuka yenyewe. Aliyeiendesha hiyo kwenye mashine ya watu wengi aniambie x-systemd.idle-timeout (muda wa kusubiri kabla ya kushuka) ameweka ngapi, na kama tmux zilizosahauliwa zinamzuia isishuke. Wa umount -l asiniandikie.