Mrejesho: vifaranga waliokuwa wakilia usiku

Niliuliza kwa nini vifaranga wangu ninaowalea ndani wanalia kwa sauti kali usiku ilhali chakula na maji vipo. Ahsanteni sana mlioniambia nitazame wanavyolala. Walikuwa wamerundikana chini ya taa: ni baridi! Upepo ulipenya chini ya mlango hadi kwenye boksi. Nimelihamisha na kuishusha taa kidogo. Kipimajoto usawa wa migongo yao kinasoma nyuzi 33, na wiki ya kwanza wanahitaji 32 hadi 35. Kelele zimekatika. Sasa wametawanyika, wananong'ona taratibu wakila, raha kuwasikiliza. Nikimtoa mmoja wakati wa usafi bado hulia sana, ila huyo anaita wenzake tu. Wakiikimbia taa huku midomo wazi, nitaipandisha.